Runinga, King'amuzi na Intaneti ya Nyumbani: Kipi Kitangulie

Wengi wetu tukiamua kununua runinga huanzia Kariakoo, au mtaa wa maduka ya vifaa vya umeme ulio karibu nasi. Tunaoneshwa kioo kikubwa chenye picha za kung'aa, bei inapunguzwa kidogo, mzigo unapakiwa kwenye bajaji. Habari za king'amuzi, antena, intaneti na umeme zinakuja usiku, kioo kikiwa kimeshawekwa juu ya kabati. Mwongozo huu unakuomba ugeuze mpangilio huo. Anza na mawimbi yanayofika nyumbani kwako, fuata na ada utakayolipa kila mwezi, na kioo kiwe cha mwisho.

Sababu yake ni hesabu. Runinga hununuliwa mara moja, ada hailali. Tuchukue mfano wa kifurushi cha king'amuzi cha shilingi 30,000 kwa mwezi: kwa miaka miwili ni 720,000. Ukiongeza intaneti ya shilingi 70,000 kwa mwezi, miaka miwili ni 1,680,000. Jumla ni shilingi 2,400,000, fedha inayozidi bei ya runinga nyingi za inchi 43. Kwa hiyo uamuzi mkubwa haufanyiki dukani. Unafanyika nyumbani, ukiwa na kalamu na karatasi.

HATUA YA KWANZA: ORODHESHA WATAZAMAJI

Kaa na watu wa nyumbani, muandike:

1. Nani anatazama nini, na saa ngapi. Bibi anataka taarifa ya habari ya saa mbili, watoto wanataka katuni, baba anataka mpira. Haya si mahitaji ya huduma moja.
2. Kipi kikikosekana nyumba italalamika kweli. Hicho ndicho cha kulipia. Vingine ni nyongeza.
3. Kiasi ambacho nyumba inaweza kulipa kila mwezi bila kukopa, hata mwezi wa ada za shule.

Kama mpira ndio unaoamua, angalia kwanza haki za matangazo. Mwaka 2021 Azam na Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania walisaini mkataba wa miaka 10 wa kuonesha Ligi Kuu Bara, kwa hiyo shabiki wa Simba, Yanga au Namungo hana haja ya kutafuta mbali. Ligi Kuu ya Uingereza imekuwa ikioneshwa na SuperSport kupitia DStv. Haki hizi hubadilika mkataba ukiisha. Thibitisha kila msimu kabla ya kulipia, na uulize ligi unayoitaka iko kwenye kifurushi kipi, kwa sababu mara nyingi haiko kwenye kile cha bei ya chini.

HATUA YA PILI: JUA KINACHOFIKA KWENYE PAA LAKO

Tarehe 31 Desemba 2012 Dar es Salaam ilizima matangazo ya analojia, na mikoa mingine ikafuata. Tangu hapo tabia ya mawimbi imebadilika. Zamani mawimbi yakiwa dhaifu picha ilijaa chenga, lakini taarifa ya habari uliisikia. Dijitali haina chenga: ama picha ni safi, ama inakatika vipande vipande, ama hakuna kitu kabisa. Ndiyo maana king'amuzi cha antena kinaweza kufanya kazi vizuri kwa jirani aliye juu ya kilima na kisifanye kazi kwako uliye bondeni, hata kama nyumba zenu zinaonana.

Njia kuu ni mbili.

Antena hupokea mawimbi kutoka mnara wa hapa hapa nchini. Vifaa vyake ni rahisi kufunga na mvua haiyasumbui sana mawimbi yake. Udhaifu wake ni milima, maghorofa na umbali kutoka mnarani.

Dishi hupokea kutoka setilaiti, kwa hiyo linafika hata kijijini ambako hakuna mnara. Linachohitaji ni anga iliyo wazi upande setilaiti ilipo. Hili linalofuata mafundi wengi hawamwelezi mteja, nawe unapaswa kujua. Setilaiti ya Azam iko nyuzi 7 mashariki, hivyo ukiwa Dar es Salaam dishi lake huelekea upande wa magharibi. Setilaiti ya DStv iko nyuzi 36 mashariki, karibu kabisa na utosi wa anga yetu, na dishi lake hutazama juu. Mwembe mkubwa ulio magharibi ya nyumba unaweza kuziba dishi la kwanza na usiliguse la pili. Kabla hujalipa, simama uwani na umwombe fundi akuoneshe kwa mkono dishi litaelekea wapi. Tazama pia kiwanja cha jirani: kama kuna ghorofa linajengwa upande huo, leo utapata picha na mwakani hutaipata.

Mvua kubwa ya masika hukata picha ya dishi kwa dakika kadhaa. Hilo ni la kawaida. Picha ikikatika hata kwa manyunyu, au ikachukua nusu saa kurudi baada ya mvua kuisha, dishi halijalengwa sawasawa au waya umeingia maji kwenye maungio. Mwite fundi arudie kazi yake.

KISANDUKU: MASWALI YA KUMUULIZA MUUZA KING'AMUZI
- Kifurushi kikiisha, chaneli zipi zinabaki? Omba uoneshwe kwa king'amuzi ambacho hakijalipiwa.
- Bei uliyonitajia ina dishi, waya na ufundi, au ni ya kisanduku peke yake?
- Nikihamia mkoa mwingine kitafanya kazi?
- Kadi au namba ya king'amuzi itasajiliwa kwa jina la nani? Iwe jina lako.

Neno moja kuhusu herufi zilizoandikwa kwenye boksi la runinga. T2 maana yake runinga ina kipokezi cha antena ndani yake, S2 maana yake ina cha dishi. Nchini Kenya T2 inatosha kupata chaneli za bure bila king'amuzi chochote. Lakini chaneli za kulipia zimefungwa kwa ufunguo wa kampuni, na T2 au S2 haiufungui. Muuzaji akikwambia runinga hii "haihitaji king'amuzi", mwombe aunganishe antena aisake chaneli mbele yako, kisha uzihesabu mwenyewe.

HATUA YA TATU: INTANETI

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa kuwa watu hununua kasi wasiyoihitaji au bando lisilowatosha.

Anza kwa kutenganisha vitu viwili. Mbps ni kasi, yaani wingi wa data unaopita kila sekunde. GB ni kiasi, yaani jumla ya data uliyotumia. Megabiti nane ndizo hufanya megabaiti moja, kwa hiyo laini ya Mbps 10 hupakua megabaiti 1.25 tu kwa sekunde. Hiyo haina maana umedanganywa.

Kwa video, viwango ambavyo Netflix yenyewe hutaja vinatosha kukuongoza:

- Picha ya HD ya kawaida: kasi ya Mbps 3.
- HD kamili: Mbps 5.
- 4K: Mbps 15.
- Matumizi: takribani GB 1 kwa saa kwa ubora wa kawaida, hadi GB 3 kwa HD, hadi GB 7 kwa 4K.

Sasa piga hesabu ya nyumba yako. Saa mbili za HD kila siku ni GB 6, na kwa mwezi GB 180. Hakuna bando la kawaida la simu litakalobeba hilo kwa bei ya kuvumilika. Kama familia inataka kutazama mtandaoni kila siku, tafuta huduma isiyo na kikomo cha GB, hata kama kasi yake si kubwa. Kasi ya Mbps 10 isiyokatika huwatosha watu wanne vizuri kuliko Mbps 50 inayoisha tarehe 9.

Kama faiba imefika mtaani kwako, iangalie kwanza. Waya wake hausumbuliwi na mvua wala na wingi wa simu zilizounganishwa kwenye mnara mmoja. Waulize majirani maswali mawili tu: huduma ikikatika hurudi baada ya muda gani, na kasi ikoje usiku. Majibu yao yana uzito kuliko kipeperushi.

Pasipo faiba, ruta ya laini ya 4G au 5G ni chaguo zuri, mradi uijaribu kabla ya kununua. Fanya hivi:

1. Tafuta laini ya mtandao unaoutaka, iweke kwenye simu yenye uwezo wa 4G au 5G.
2. Kaa sebuleni, mahali ruta itakapowekwa, si barazani.
3. Pima kasi kati ya saa 2 na saa 4 usiku, wakati mtaa mzima uko mtandaoni. Rudia siku tatu.
4. Andika kasi ya chini kabisa uliyoipata. Hiyo ndiyo utakayoishi nayo, si ile ya juu.
5. Rudia kwa mtandao wa pili, ulinganishe.

Intaneti ya setilaiti inafaa pale ambapo faiba na mnara vyote havijafika. Starlink ilianza huduma Kenya na Rwanda mwaka 2023. Ukiwa Tanzania, kabla ya kulipia dishi la aina yoyote la intaneti, thibitisha kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) kwamba mtoa huduma ana leseni ya kuhudumia nchini. Kifaa kilichoingizwa kinyemela kinaweza kuzimwa na hutakuwa na pa kudai.

Mkataba usome wote. Tafuta haya ndani yake: gharama ya kufungiwa, ruta ni yako au ya kampuni, ada ya kuhamisha huduma ukihama nyumba, na kiwango cha matumizi ambacho kikipita kasi inapunguzwa. Hili la mwisho huandikwa kwa maandishi madogo hata kwenye huduma zinazoitwa "bila kikomo". Mpangaji wa chumba na sebule asikubali kujifunga mwaka mzima kama kodi yake ni ya miezi sita. Na asitoboe ukuta wala kupanda paani bila mwenye nyumba kukubali kwa maandishi.

Laini ya ruta isajiliwe kwa kitambulisho chako cha NIDA. Piga *106# uone ni namba gani zimesajiliwa kwa jina lako, na usikubali fundi akupe laini "iliyo tayari".

Ruta iweke juu, katikati ya nyumba, mbali na friji na kabati la chuma. Ile ya laini isogeze karibu na dirisha linaloelekea mnara. Kuta za tofali za saruji hula mawimbi. Wi-Fi ya 2.4 GHz hupenya kuta vizuri lakini ni ya polepole, ya 5 GHz ni ya kasi lakini huishia chumba cha pili. Kama runinga iko karibu na ruta, iunganishe kwa waya uache Wi-Fi kwa simu. Badilisha nywila iliyokuja na ruta siku hiyo hiyo, kwa kuwa imebandikwa chini ya kifaa na kila mgeni anaweza kuisoma.

Sishauri nyumba iitegemee intaneti peke yake. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilipata hitilafu, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Aliyekuwa na antena au dishi aliendelea kupata taarifa ya habari. King'amuzi cha bei ndogo kando ya intaneti nzuri ni bima inayostahili fedha yake.

HATUA YA NNE: SASA NENDA DUKANI

Pima kwanza umbali kati ya ukuta na kiti. Hivi ndivyo ukubwa unavyolingana na umbali:

- Inchi 32, kioo cha upana wa sm 71: kaa mita 1.2 hadi 2.
- Inchi 43, upana wa sm 95: mita 1.6 hadi 2.7.
- Inchi 55, upana wa sm 122: mita 2.1 hadi 3.5.

Kwa sebule ya mita tatu kwa tatu, inchi 43 inatosha kabisa. Kubwa zaidi ya hapo inaumbua chaneli ambazo bado hurushwa kwa ubora wa kawaida: picha inavutwa na nyuso zinakuwa na ukungu. Vivyo hivyo kwa 4K. Ni nzuri ukiwa na intaneti ya kuibeba. Kama utatazama king'amuzi tu, HD kamili inatosha, na tofauti ya bei itumie kununua kinga ya umeme.

Kuhusu runinga janja, uwe macho. Si kila inayoitwa smati ina kibali cha kufungua Netflix. Zipo zenye toleo la Android la simu lililobandikwa tu kwenye kioo, zenye kumbukumbu ndogo, na baada ya mwaka programu zinakataa kufunguka. Mwambie muuzaji aiunganishe na intaneti ya simu yako, afungue YouTube na Netflix mbele yako. Akisema "utaenda kuiweka nyumbani", ondoka.

ONYO: Viboksi vya bei rahisi vinavyoahidi filamu na mpira vyote bure maisha yote si salama. Juni 2025 FBI ya Marekani ilitahadharisha kuhusu vifaa vya aina hiyo vilivyokuja na programu hasidi ndani yake, vinavyowapa wahalifu mlango wa kuingia kwenye mtandao wa nyumba. Simu unayofanyia miamala ya benki iko kwenye Wi-Fi hiyo hiyo.

Runinga za "dabo glasi", zenye kioo cha pili cha kinga, zina maana kwa nyumba yenye watoto wadogo wanaorusha vitu. Nakupendekezea kama una mtoto wa chini ya miaka sita. Fahamu tu kwamba ni nzito zaidi ukutani na huakisi mwanga wa dirisha.

Ukitumiwa runinga na ndugu aliyeko Marekani, geuza nyuma usome kibandiko kabla ya kuichomeka. Ikiwa na 100–240V ni salama. Ikiwa na 110–120V itaungua kwenye umeme wetu wa 230V. Kipokezi chake cha antena nacho ni cha mfumo wa kwao, hakitapata chaneli za hapa, ingawa king'amuzi kupitia HDMI kitafanya kazi.

KAGUA KABLA YA KULIPA

☐ Kioo kikiwa cheupe chote: hakuna nukta nyeusi, mistari wala madoa ya giza pembeni.
☐ Kila tundu la HDMI na USB limejaribiwa. Nenda na flashi yenye video.
☐ Sauti imepandishwa juu na haikoromi.
☐ Rimoti, miguu na skrubu zake vimo kwenye boksi.
☐ Namba ya kifaa iliyo nyuma ya runinga ni ile ile ya kwenye boksi na kwenye kadi ya dhamana.
☐ Dhamana imeandikwa ni ya nani: kiwanda au duka, na kama inahusu kioo.
☐ Risiti ya EFD yenye jina la bidhaa, si ya kuandikwa kwa mkono.

Ibebe ikiwa imesimama. Kioo kilicholazwa hupasuka kwenye shimo la kwanza la barabara, na dhamana hailipi mpasuko.

SAUTI

Spika za runinga nyembamba ni dhaifu, na sabufa ndogo husaidia sana. Usidanganywe na namba kubwa za PMPO kwenye boksi. Tafuta RMS, yaani wati za sauti ya mfululizo. Isipoandikwa, soma nyuma ya kifaa kinatumia wati ngapi za umeme: sabufa inayovuta wati 60 haiwezi kutoa wati 10,000 za sauti mfululizo.

UMEME: HATUA INAYORUKWA NA WENGI

Vifaa vingi havifi umeme unapokatika. Vinakufa unaporudi, kwa mshtuko wa kwanza. Nunua kifaa cha kinga, kile ambacho madukani huitwa TV gadi, chenye kuchelewesha umeme kwa muda kabla ya kuuruhusu upite. Ekstensheni ya kawaida yenye taa nyekundu si kinga. Radi ikikaribia, chomoa waya wa umeme na waya wa antena au dishi pia, maana radi huingia kupitia huko.

Piga na hesabu ya LUKU. Runinga ya wati 80 ikiwaka saa 6 kwa siku hutumia karibu nusu uniti, yaani kama uniti 15 kwa mwezi. Mteja wa D1, kundi la watumiaji wadogo wa umeme, mwenye kikomo cha uniti 75 atakuwa ametumia moja ya tano yake kwa runinga peke yake. Wati zimeandikwa nyuma ya kifaa. Zisome ukiwa bado dukani.

MAKOSA YANAYORUDIWA

Kulipia kifurushi kupitia kwa "fundi" aliyekutumia namba yake binafsi. Lipia kwenye menyu ya mtandao wako wa simu, na soma jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri. Ukipata ujumbe wa kitapeli, utume 15040.

Kumlipa fundi kabla ya kuona picha. Mlipe baada ya chaneli zote kuonekana na waya kufungwa ukutani.

Kutupa boksi siku ya kwanza. Maduka mengi hukataa kubadilisha kifaa kisicho na boksi lake.

UKIKWAMA

Malalamiko ya huduma yaanzie kwa mtoa huduma. Kila unapopiga simu, omba namba ya kumbukumbu, andika tarehe na jina la aliyekuhudumia. Asipokusaidia, peleka suala TCRA. Mbali na Dar es Salaam ina ofisi za kanda, zikiwemo za Arusha, Mwanza, Mbeya, Dodoma na Zanzibar. Kwa runinga au sabufa bandia, nenda Tume ya Ushindani, na kwa bidhaa isiyokidhi viwango, Shirika la Viwango Tanzania.

Kote huko utaulizwa karatasi. Tafuta bahasha moja leo, weka humo risiti, kadi ya dhamana na nakala ya mkataba, na juu yake andika namba ya king'amuzi, ya ruta na ya runinga.